Miwili huku, miwili kule: hesabu ya vyuo vya jamii na shahada ya uhandisi mitambo

Ahadi ya vyuo vya jamii vya Marekani ni nyepesi kuielewa. Kijana anasoma miaka 2 ya mwanzo karibu na nyumbani kwa ada ndogo, kisha anahamia chuo kikuu kumalizia miaka 2 iliyobaki, na cheti anachotoka nacho hakitofautiani hata kwa nukta na cha mwenzake aliyeingia chuo kikuu moja kwa moja kutoka sekondari. Kwa familia yenye kipato cha kawaida, tofauti ya gharama si ya kubeza. Katika jimbo la California mkazi hulipa dola 46 kwa krediti moja ya chuo cha jamii, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 2012. Krediti 30 za mwaka mzima zinafika dola 1,380. Ada ya mwaka mmoja katika Chuo Kikuu cha California, bila kuhesabu chakula wala pango, inazidi dola 13,000. Ndiyo maana ukiwauliza wanaoanza vyuo vya jamii nchini humo wanataka kufika wapi, 8 kati ya 10 hujibu kwamba wanaitaka shahada ya kwanza. Wanaohamia kweli chuo kikuu ni kama theluthi moja. Wanaoipata shahada yenyewe ndani ya miaka 6 tangu waanze ni takriban asilimia 16 tu.

Pengo la kutoka 80 hadi 16 haliwezi kuelezwa kwa uvivu wa vijana. Maelezo yanayosikika zaidi ni mawili, na yote yana ukweli ndani yake: kwamba wengi wanaoingia vyuo hivi walitoka sekondari wakiwa dhaifu, na kwamba maisha huwakwamisha njiani, mara kazi ya usiku, mara mtoto, mara kodi ya nyumba. Lakini ukiichukua fani moja yenye masharti magumu, kama uhandisi mitambo, ukaifuata kozi kwa kozi, inajitokeza sababu ya tatu isiyozungumzwa sana. Mwanafunzi ameachiwa kazi ya kuviunganisha vyuo viwili ambavyo vyenyewe havikukaa chini vikapatana. Nadhani kazi hiyo si yake. Ni ya chuo kikuu kinachompokea, na majimbo yaliyodiriki kukibebesha chuo kikuu mzigo huo yanaonyesha kwamba inawezekana bila shahada kushuka thamani.

Tuanze na historia, maana wapo wanaodhani uhamisho ni hisani. Chuo cha jamii cha umma chenye umri mkubwa kuliko vyote kinachoendelea kufundisha kiko Joliet, Illinois, kusini-magharibi mwa Chicago. Kilianza 1901 na wanafunzi 6, kwa mpango wa J. Stanley Brown, mkuu wa sekondari ya mji huo, na William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago. Harper alitaka miaka 2 ya mwanzo ya shahada ifundishwe kwingine, ili chuo kikuu kijikite katika masomo ya juu na utafiti. Mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Harry Truman ilipendekeza vyuo vya namna hiyo visambazwe nchi nzima. Kisha ukaja mpango mkuu wa elimu ya juu wa California wa 1960, ambao Clark Kerr anatajwa kuwa msanifu wake. Moja ya nane ya juu ya wahitimu wa sekondari wangeingia Chuo Kikuu cha California, theluthi moja ya juu wangekuwa na nafasi katika vyuo vikuu vya serikali ya jimbo, na mlango wa chuo cha jamii ungekuwa wazi kwa yeyote awezaye kunufaika. Ili wa chini wapate pa kupandia, vyuo vikuu vilitakiwa vidahili kwa namna itakayofanya wanafunzi wa miaka ya juu wawe 60 kwa kila 40 wa miaka ya mwanzo. Nafasi ziliachwa wazi kwa makusudi. Anayehamia hajafadhiliwa kiti. Kiti kiliwekwa kwa ajili yake.

Je, wakifika wanaweza? Mwaka 1965 mtafiti John Hills aliandika juu ya kile alichokiita mshtuko wa uhamisho: alama za wanaohamia hushuka katika muhula wa kwanza, kisha wengi wao huinuka tena. Jambo hilo bado lipo, na halishangazi. Mtu ametoka darasa la watu 30 ambapo mhadhiri anamjua kwa jina, ameingia ukumbi wa mamia. Lakini mshtuko si kushindwa. Utafiti wa taasisi ya Jack Kent Cooke Foundation wa 2019 ulionyesha kwamba katika vyuo vikuu vinavyochuja sana waombaji, waliotoka vyuo vya jamii walihitimu kwa kiwango kilicho sawa na cha walioingia kutoka sekondari, au kilichowazidi kidogo. Mkosoaji atasema hao tayari wamechekechwa, walioshindwa walibaki nyuma. Ni kweli, ila hoja yake inathibitisha jambo moja: kalkulasi na fizikia zinazofundishwa kwenye chuo cha jamii zinatosha kumbeba mtu katika chuo kikuu kigumu. Robert Gibson, aliyekwenda anga za juu mara 5 kwa chombo cha NASA, alimaliza masomo ya miaka 2 ya sayansi ya uhandisi katika chuo cha jamii cha kaunti ya Suffolk, jimbo la New York, mwaka 1966. Shahada ya uhandisi wa ndege aliipata Cal Poly, California, mwaka 1969. Mtu mmoja si takwimu. Namtaja kwa sababu ya miaka yake: miwili huku, lakini kule mitatu. Hata mtu wa kuendesha chombo cha anga hesabu ya miwili kwa miwili haikumtokea.

Shida iko kwenye foleni ya kozi. Anayesoma historia anaweza kuchukua kozi nyingi kwa mpangilio wowote, akihama na tano mkononi zikakubaliwa nne, hajaumia sana. Uhandisi mitambo haumpi uhuru huo. Kalkulasi ya kwanza hutangulia ya pili, ya pili hutangulia ya tatu na milinganyo ya diferensheli. Fizikia ya nguvu na mwendo haiguswi kabla kalkulasi haijaanza kueleweka. Baada ya fizikia hiyo ndipo inapokuja statiki, kozi ya kwanza ambayo kweli ni ya kihandisi. Humo mwanafunzi anapewa boriti iliyoegemezwa ncha mbili, ina mzigo mahali fulani kati. Anaichora peke yake kwenye karatasi, bila ukuta wala nguzo, anatia mshale kwa kila nguvu inayoigusa, kisha anatafuta egemeo la kushoto linabeba kiasi gani na la kulia kiasi gani. Kazi inaonekana ya kitoto mpaka boriti zinapokuwa kumi na mbili zimeungwa kama paa la ghala, na kosa dogo la alama ya kutoa kwenye kiungo cha kwanza linazifuata zote hadi ya mwisho. Yanayofuata yote yanaitegemea. Dainamiki ni nguvu zilezile kitu kikiwa kinakwenda, na mchapuko umeingia kwenye hesabu. Uimara wa vifaa unauliza boriti ileile itapinda kiasi gani, na itakatikia wapi. Asiyepita uimara wa vifaa haruhusiwi kusoma usanifu wa mashine. Asiyepita dainamiki amefungiwa mitetemo na mifumo ya udhibiti. Asiye na themodainamiki na mekanika ya vimiminika hasogei kwenye uhamishaji wa joto. Mradi wa mwisho, ambao mara nyingi huchukua mwaka wa nne karibu wote, unasubiri sehemu kubwa ya hizo ziwe zimepitwa.

Sasa tupange mihula minne ya chuo cha jamii. Anayeanza na kalkulasi ya kwanza mwezi wa Agosti anachukua ya pili pamoja na fizikia ya kwanza Januari. Agosti inayofuata ni kalkulasi ya tatu, fizikia ya umeme na sumaku, na statiki. Januari ya mwisho ni milinganyo ya diferensheli, dainamiki na uimara wa vifaa. Kemia, uchoraji wa kihandisi kwa kompyuta, saketi za umeme na uandishi wa programu zinapachikwa pale penye upenyo, na bado yapo masomo ya lugha na jamii ambayo kila chuo kinayadai. Inaenea, ila hakuna muhula hata mmoja wa akiba. Mwenzake mwenye akili ileile, ambaye sekondari yake haikumfikisha kwenye kalkulasi, anaanza na hisabati ya kuitangulia. Kila kitu kinasogea muhula mmoja, na statiki yake inaangukia Januari. Lakini chuo chenye wanafunzi wachache wa uhandisi mara nyingi hufundisha statiki mara moja kwa mwaka, tuseme Agosti, na darasa lisipopata watu wa kutosha linafutwa. Anasubiri Agosti. Chuo Kikuu cha California nacho hupokea maombi ya uhamisho kati ya Oktoba na Novemba kwa ajili ya masomo ya vuli ya mwaka unaofuata. Hivyo kuchelewa muhula mmoja mwanzoni kumegeuka mwaka mzima mwishoni, na kijana huyu hajafeli chochote. Akiamua kuhama bila statiki, ataisoma huko aendako, lakini mwaka wake wa tatu utakuwa umefungwa kwa kufuli: wenzake wako kwenye usanifu wa mashine, yeye yuko kwenye boriti.

Huo ni ucheleweshaji wa ratiba. Kuna na upotevu wenyewe. Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali, inayolifanyia Bunge la Marekani ukaguzi, ilikadiria mwaka 2017 kwamba waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Waliohama kutoka chuo cha umma kwenda kingine cha umma walipoteza asilimia 37. Humo wamo wahamaji wa kila aina, si wa vyuo vya jamii peke yao, lakini ukubwa wa tatizo unaonekana. Tena takwimu ya namna hiyo inaacha nje upotevu ulio mbaya zaidi kwa mhandisi. Krediti inaweza kupokelewa, ikaandikwa kwenye rekodi, na isisaidie kitu, kwa sababu imepokelewa kama kozi ya hiari wakati idara ya uhandisi mitambo inaidai kozi ileile kwa jina lake. Ofisi ya udahili imesema ndiyo, idara imesema hapana, na zote mbili zimesema kweli. Kalenda nazo zina lawama yake. Vyuo vingi vya jamii vya California hufuata mihula miwili kwa mwaka, huku kampasi nyingi za Chuo Kikuu cha California zikigawa mwaka wa masomo katika vipindi vitatu, ambapo krediti moja ya muhula ni sawa na krediti moja na nusu ya kipindi. Mfululizo wa fizikia wa huku haukatiki mahali ambapo ule wa kule unakatika. Anayehama katikati ya mfululizo anaweza kukuta amesoma mawimbi mara mbili na joto hajalisoma hata mara moja.

Na upo mtego mwingine, huu wa majina. Vyuo vya jamii vina programu mbili ambazo kwa mgeni zinafanana: sayansi ya uhandisi, iliyoandaliwa kwa ajili ya kuhama, na teknolojia ya uhandisi mitambo, iliyoandaliwa kwa ajili ya kuajiriwa baada ya miaka 2. Ya pili ni programu ya heshima. Inatoa watu wanaojua mashine za kukata chuma zinazoongozwa kwa kompyuta, wanaosoma michoro, wanaopima kwa usahihi. Lakini hisabati yake mara nyingi inaishia aljebra na trigonometria, au kalkulasi nyepesi isiyotambuliwa na shule za uhandisi. Aliyemaliza programu hiyo anaweza kuendelea na shahada ya teknolojia ya uhandisi. Akitaka uhandisi mitambo wenyewe, anarudi karibu na mwanzo. Uamuzi wa kutisha namna hiyo hufanyika siku ya usajili, mbele ya mshauri mwenye foleni ndefu mlangoni, na kijana wa miaka 18 asiyejua kwamba ameamua jambo lolote.

California haijakaa kimya. Ina hifadhi ya umma ya makubaliano iitwayo ASSIST, ambamo mtu huchagua chuo chake cha jamii, chuo kikuu anachokitaka na fani, kisha anaona kozi ipi inalingana na ipi. Ni kazi kubwa na ya manufaa. Lakini jimbo lina vyuo vya jamii 116, kampasi 9 za Chuo Kikuu cha California zinazofundisha shahada ya kwanza, na zaidi ya 20 za mfumo wa vyuo vikuu vya serikali, na kila idara ya uhandisi mitambo ina orodha yake. Hii inataka programu ya MATLAB, ile inataka C++. Hii inaridhika na kemia moja, ile inadai ya pili. Hii inataka sayansi ya vifaa isomwe kabla, ile inaifundisha yenyewe. Mwombaji mwenye busara huomba kampasi 5 au 6, kwa hiyo anajikuta anazitumikia orodha 5 au 6 kwa wakati mmoja. Zipo kampasi 6 zinazotoa dhamana ya udahili kwa wanaohama. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo, na mtu huruhusiwa kuomba dhamana ya kampasi moja tu. Sheria ya 2010 ilianzisha shahada ya miaka 2 inayomhakikishia mwenye nayo nafasi katika mfumo wa vyuo vikuu vya serikali, mpango mzuri kwa wanaosoma biashara au saikolojia. Ulijengwa juu ya krediti 60. Kozi za maandalizi ya uhandisi hazikuenea humo, na kwa miaka mingi uhandisi ukabaki nje.

Tazama Florida ilivyolikabili jambo hilohilo. Kwa miongo kadhaa jimbo hilo limekuwa na namba za kozi za pamoja. Kalkulasi ya kwanza ni MAC 2311 iwe inafundishwa chuo kidogo cha mji wa pwani au chuo kikuu cha Gainesville, na kozi zenye herufi zilezile na tarakimu 3 za mwisho zilezile lazima zipokelewe kama kozi ileile katika vyuo vya umma vilivyomo kwenye mfumo. Mwanafunzi hathibitishi chochote, namba inamsemea. Chuo cha Valencia na Chuo Kikuu cha Central Florida, vyote vya eneo la Orlando, vina mpango tangu 2006 unaomhakikishia mhitimu wa Valencia nafasi ya kuendelea, na ushauri wa masomo unaanza angali chuo cha kwanza. Jimbo la Washington limekwenda mbali zaidi kwa wahandisi: lina mpango maalumu wa maandalizi ya miaka 2 kwa kundi la uhandisi mitambo, ujenzi na ndege, uliokubaliwa kati ya vyuo vya jamii na vyuo vikuu, kwa hiyo orodha inayomhusu kijana ni moja. Hakuna jimbo kati ya haya lililoahidi kwamba kila anayeomba atapata kiti cha uhandisi mitambo. Viti ni vichache na ushindani upo. Kilichoondolewa ni kubahatisha. California yenyewe ilipitisha sheria ya namba za pamoja kwa vyuo vyake vya jamii mwaka 2021. Imechukua miaka 61 tangu mpango mkuu, lakini imekuja.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa wahadhiri wa vyuo vikuu, na halipaswi kudharauliwa. Daraja likianguka hakuna atakayeuliza ilikuwa orodha ya nani. Idara, wanasema, ina wajibu wa kujua kila anayepewa shahada yake amesoma nini na kwa kina gani, na bodi ya ithibati ya ABET inadai angalau krediti 30 za hisabati na sayansi za msingi na 45 za masomo ya kihandisi. Vizuri. Lakini ukivisoma vigezo vya ABET vyenyewe, havikatazi kupokea kozi za kwingine. Vinaitaka programu iwe na sera za kupokea wanaohama na kutambua krediti zao, na izifuate. Kinachodaiwa ni utaratibu. Idara inayomwambia mwanafunzi mwezi wa Agosti, akiwa ameshahamia, kwamba statiki yake haikubaliki, ilikuwa na miaka 2 ya kuyasema hayo kwa chuo alichotoka. Ulinzi wa ubora unafanyika kwa kukagua mtaala wa chuo, mara moja kila baada ya miaka michache. Kumkagua mwanafunzi mmojammoja baada ya safari kwisha ni kuuhamishia kwa mnyonge gharama ya kutokuelewana kwa wakubwa.

Pingamizi la pili linakwenda kwenye mzizi: kwa nini mtu apite chuo cha jamii hata kidogo? Mwanasosholojia Burton Clark, aliyekichunguza chuo cha San Jose, aliandika mwaka 1960 kwamba vyuo hivi hupoza matumaini. Polepole, kwa upole wa mshauri na alama za majaribio, mwenye ndoto ya shahada anaongozwa kuridhika na kilicho kidogo kuliko alichokifuata. Mtego wa programu mbili nilioueleza hapo juu ungemfurahisha Clark kama ushahidi. Na ni kweli kwamba wanaoanzia chuo cha jamii huipata shahada kwa nadra kuliko wanaofanana nao walioanzia chuo kikuu. Lakini mwaka 2015 David Monaghan na Paul Attewell walilichambua pengo hilo na kukuta kwamba waliofanikiwa kuhama walihitimu sawa na wenzao, na kwamba krediti zilikuwa na uzito wa pekee: miongoni mwa waliohama, uwiano wa kuhitimu kwa waliopokelewa krediti zao zote au karibu zote ulikuwa mara 2.5 ya wale waliopoteza zaidi ya nusu. Kama kinachopoza matumaini kingekuwa chuo cha jamii chenyewe, tusingeona tofauti kubwa kiasi hicho inayotegemea kilichotokea mlangoni mwa chuo kikuu. Zaidi ya hapo, ushauri wa "nenda moja kwa moja" unamfaa mwenye nafasi mbili mkononi. Wengi hawana.

Wapo pia wanaohofia ramani ngumu. Chuo cha jamii, wanasema, ni mahali pa kujaribu. Kijana aanze na uchumi, agundue anapenda injini, ageuke. Ukimfunga kwenye orodha tangu siku ya kwanza unaua uzuri wa mahali hapo, na unamsahau anayesoma kozi mbili mbili baada ya kazi. Nusu ya kwanza ya hofu hii naikubali. Uhandisi hautamsubiri anayezunguka, na ni heri aambiwe hivyo mapema kuliko kufichwa. Nusu ya pili naipindua. Karibu theluthi mbili ya wanafunzi wa vyuo vya jamii husoma kwa muda usio kamili, na hao ndio wanaoihitaji ramani isiyobadilika kuliko wote. Anayesoma kwa miaka 4 kile ambacho mwingine anakisoma kwa miwili anakutana na mabadiliko ya mtaala mara mbili zaidi. Kwa hiyo makubaliano yanapaswa kumlinda kwa sheria za mwaka alioanza, hata akifika mlangoni wakati orodha mpya imeshatoka.

Kwa familia za Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura zinazofikiria njia hii, hesabu inabadilika tena. Dola 46 ni bei ya mkazi. Mgeni katika vyuo vya jamii vya California kwa kawaida hulipa zaidi ya dola 300 kwa krediti hiyohiyo, na viza ya mwanafunzi inamtaka asome angalau krediti 12 kila muhula, ahitaji au asihitaji. Muhula wa kusubiri statiki kwake hauwezi kuwa wa kupumzika wala wa kufanya kazi za kawaida nje ya chuo. Ni muhula wa kulipia kozi za kujaza nafasi. Mwaka uliozidi kwa sababu ya kozi moja ni dola 9,000 na ushee za ada pekee, kabla ya chumba na chakula. Mawakala wanaouza vyuo hivi kwenye maonyesho ya elimu hutaja ada ya mwaka na kiwango cha Kiingereza. Maswali yenye uzito ni mengine: statiki, dainamiki na uimara wa vifaa zinafundishwa mihula ipi, mara ya mwisho kila moja kufutwa ilikuwa lini, na ni idara gani ya uhandisi mitambo, siyo chuo kikuu gani, iliyoweka makubaliano ya maandishi na chuo hiki.

Ukirudi kwetu unakuta hali ambayo Mmarekani angeishangaa. Tanzania, aliyemaliza kidato cha nne akaingia chuo cha ufundi kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) au kile cha Arusha husoma miaka 3 kupata stashahada ya uhandisi mitambo. Akiwa na wastani usiopungua 3.0 anaweza kudahiliwa shahada, na kwa kawaida anaanza mwaka wa kwanza wa miaka 4, dawati moja na aliyetoka kidato cha sita. Jumla ni miaka 7 baada ya kidato cha nne. Mwenzake ametumia 6. Hatupotezi asilimia 43 ya krediti, kwa kuwa hatukuzihesabu tangu mwanzo. Utetezi wa vyuo vikuu ni kwamba stashahada inamwandaa fundi sanifu, na hisabati yake haifiki kina cha shahada. Kwa kalkulasi na milinganyo, hoja hiyo inasimama. Kwa uchoraji wa kihandisi, karakana, na hata statiki ya msingi, haisimami. Mtu aliyekaa miaka 3 kwenye lathe hana anachofundishwa na muhula wa kwanza wa karakana. Anayebisha ana njia rahisi ya kujua. Mtihani wa saa 3 wa statiki na mwingine wa uchoraji, ukitolewa wiki ya usajili, ungetosha kuonyesha nani arudie na nani apelekwe mbele.